Neno «fast» na Maana ya Kufunga

Ndugu zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, tunaulizwa na watoto wetu, ambao Kiingereza kimetangulia vinywani mwao: vipi neno «fast» liwe kufunga, na papo hapo liwe haraka? Swali hili si la mchezo. Mtoto huwaeleza wenzake shuleni kwa neno hilohilo sababu ya kutokula mchana; akilifahamu kijuujuu, na ibada ataifahamu kijuujuu.

Asili ni moja. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya kitu kilichokazwa, kisichotikisika. Maana hiyo ingali hai: «fasten» ni kufunga mkanda wa gari, na rangi isiyochuja kwenye nguo huitwa «fast» vilevile. Kutoka hapo ikapatikana saumu, yaani kuishika amri kwa uthabiti. Haraka ilikuja baadaye: aliyekimbia kwa kujikaza alisemwa amekimbia «fast», hata kukaza kukasahauliwa, zikabaki mbio. Nasi husema «kaza mwendo», basi tusiwashangae.

Tena tuitazame lugha yetu. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani. Kitenzi ni kimoja. Chakula cha asubuhi wao hukiita «breakfast», kuvunja mfungo, nasi hukiita kifungua kinywa. Lugha mbili zisizo na nasaba zimepita njia moja.

Kiarabu kimezama zaidi. Saumu ni kujizuia, hata Waarabu walimwita farasi aliyesimama bila kula wala kwenda «saim». Na Bibi Maryam, katika sura yenye jina lake, aliamrishwa aseme kuwa ameweka nadhiri ya saumu, nayo ilikuwa kutosema na mtu yeyote, ilhali aya hiyohiyo imemwambia ale na anywe.

Basi mtoto na aelezwe maana ya kwanza, ya kushika. Ile ya pili tunaiishi sisi wazazi: tarawehe, sala iliyopewa jina kutokana na mapumziko, tunaitafutia imamu wa kuimaliza upesi zaidi.

Buffalo jua hutua karibu nusu saa kabla ya Louisville, ingawa saa zetu za ukutani ni moja. Wa Buffalo, futuruni. Maswali tutayapokea baada ya isha, inshallah.