Nani Anajua Ulichosoma Jana Usiku?

Kampuni inayotuletea intaneti nyumbani inaweza kuona njia tunazopita. Muuguzi anaeleza yaliyotokea Uingereza na Marekani, na jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua.

Yapo maswali ambayo mama hamuulizi mtu kwa urahisi. Uvimbe mdogo kwenye titi. Hedhi iliyokoma kabla ya wakati wake. Mtoto wa miaka minane ambaye bado anakojoa kitandani. Binti ambaye ghafla hataki kula asubuhi. Zamani maswali hayo yalikaa moyoni, au yalipelekwa kwa shangazi, au kwa muuguzi siku ya kliniki mlango ukiwa umefungwa. Siku hizi akina mama wengi huyapeleka kwanza kwenye simu, watoto wakishalala.

Kila wiki wanaingia akina mama chumbani kwetu na kuanza hivi: "Sista, nimesoma kwenye simu kwamba..." Mimi siwakemei. Wapo waliowahi hospitali kwa sababu walisoma, na kuwahi ni nusu ya tiba. Lakini ninapowasikiliza hujiuliza jambo moja. Mimi nikisikia siri ya mgonjwa, nimefungwa na maadili ya kazi yangu nisiitoe. Je, aliyeupitisha ujumbe wa mama huyu usiku wa jana amefungwa na nini?

TARISHI NA BARUA

Tuanze kwa kueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Unapofungua ukurasa wowote, ombi lako halirukii moja kwa moja kwa mwenye tovuti. Linapita kwanza kwa kampuni inayokuuzia intaneti, iwe ya simu au ya waya unaoingia nyumbani. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyo hiyo. Kampuni hiyo ni kama tarishi wa posta. Mwenye duka anaona tu kile ulichokitazama dukani mwake, lakini tarishi anabeba barua zako zote, za kila mahali na za kila siku.

Miaka ya nyuma, barua nyingi za intaneti zilisafiri bila bahasha. Tarishi angetaka, angesoma kila neno. Leo tovuti nyingi hutumia bahasha, yaani maandishi yamefichwa njiani, na anwani zake huanza kwa herufi https. Ndani ya bahasha tarishi hasomi. Hata hivyo, kwa kawaida bado anaona imekwenda kwa nani, saa ngapi, na ni nzito kiasi gani. Mama akifungua tovuti ya chama cha wagonjwa wa saratani saa saba za usiku, kwa siku nne mfululizo, hakuna haja ya kufungua bahasha ili kujua kinachomsumbua.

Kwa nini mtu atake kujua? Kwa sababu ya matangazo ya biashara. Anayeuza maziwa ya watoto hapendi kulipia tangazo litakaloonwa na kijana asiye na mtoto. Yuko tayari kulipa zaidi ili limfikie mwanamke mjamzito peke yake. Kwa hiyo kujua nani ni mjamzito, nani anatafuta mkopo, nani anaumwa, ni mali inayouzika.

YALIYOTOKEA UINGEREZA

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Uingereza. Kulikuwa na kampuni iitwayo Phorm, ambayo kabla ya hapo ilijulikana kama 121Media. Phorm ilikuwa na mtambo wa kuwekwa ndani ya kampuni za intaneti. Mtambo huo ulipitia kurasa ambazo mteja alizifungua, ukachukua maneno yaliyojitokeza zaidi, kisha ukamweka mteja kwenye kundi: huyu anapenda safari, huyu anatafuta gari, huyu anajenga nyumba. Baada ya hapo matangazo yalifuata kundi lake.

Mwaka 2006 kampuni kubwa ya simu, BT, iliujaribu mtambo huo kwa wateja wake takribani 18,000. Hawakuulizwa, wala hawakuambiwa. Mwaka 2007 likafanyika jaribio jingine, nalo kimya kimya. Baadhi ya wateja waliona kompyuta zao zikiwasiliana na anwani wasiyoijua wakadhani zimeingiliwa na virusi.

Februari 2008 Phorm ilitangaza makubaliano na BT, Virgin Media na TalkTalk, kampuni tatu zilizokuwa zikihudumia sehemu kubwa sana ya nyumba zenye intaneti nchini humo. Huduma hiyo ilipewa jina zuri, Webwise, na wateja waliambiwa kwamba itawaonya pia wakikaribia tovuti za matapeli. Ndipo habari za majaribio ya siri zilipoanza kutoka nje, na watu wakaja juu.

Tim Berners-Lee, aliyebuni mfumo wa kurasa za intaneti tunazozitumia sote, alisema mwezi Machi 2008 kwamba kampuni yake ikileta mtambo wa namna hiyo angeihama. Mfano alioutoa ulinigusa mimi kama muuguzi. Alisema hataki asome vitabu kuhusu saratani fulani, halafu aje kukuta malipo yake ya bima yamepandishwa kwa sababu kuna mtu aliyeona anachosoma.

Safari hiyo Septemba 2008 BT ilifanya jaribio la tatu, na mara hii iliwauliza wateja kwanza. Aprili 2009 Tume ya Ulaya iliichukulia Uingereza hatua za kisheria, ikisema sheria zake hazikuwalinda watu ipasavyo. Mwezi huo huo Amazon ilikataza kurasa zake zisisomwe na mtambo wa Phorm. Julai 2009 BT ikaachana na mpango huo. Waendesha mashtaka wa Uingereza waliamua mwaka 2011 kwamba hakuna atakayeshtakiwa, lakini sheria ilirekebishwa, na Tume ya Ulaya ikalifunga jalada hilo Januari 2012. Phorm yenyewe ilifunga biashara mwaka 2016.

MAREKANI NAKO

Marekani kulikuwa na kampuni ya aina hiyo, NebuAd. Mei 2008 kampuni ya Charter iliwaandikia baadhi ya wateja wake kwamba itaanza kuutumia mtambo huo. Wabunge wakahoji, na mwezi uliofuata Charter ikaahirisha. NebuAd ilikufa mwaka 2009.

Lakini mmea ukikatwa juu, mzizi unaweza kuchipua upande mwingine. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa ikibandika namba maalumu kwenye mawasiliano ya intaneti ya simu za wateja. Mteja aliweza kufuta alama zote zilizowekwa kwenye simu yake, lakini namba hiyo hakuweza kuifuta, kwa sababu haikuwa ndani ya simu. Ilibandikwa njiani, na tarishi mwenyewe. Habari hizo zilijulikana kwa watu wengi mwaka 2014, na mwaka 2016 Verizon ilikubali kulipa faini ya dola 1,350,000.

Kampuni ya AT&T nayo ilifanya jambo la kutafakarisha. Mwaka 2013 ilipoanza kuuza intaneti ya kasi sana katika mji wa Austin, Texas, bei ilikuwa dola 70 kwa mwezi kwa aliyekubali kufuatiliwa, na dola 99 kwa aliyekataa. Tofauti ni dola 29 kwa mwezi, yaani dola 348 kwa mwaka. Mpango huo ulifutwa mwaka 2016. Piga hesabu, mama. Mwenye fedha alinunua pazia la dirisha lake. Mwenye watoto watano na mshahara mmoja aliacha dirisha wazi.

Oktoba 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni kwamba kampuni za intaneti zimwombe mteja ruhusa kwanza. Kabla kanuni hizo hazijaanza kufanya kazi ipasavyo, Bunge lilizifuta, na Rais Trump akatia saini Aprili 2017. Jimbo la Maine likatunga sheria yake mwaka 2019 ya kumlinda mteja. Na mwaka 2021 tume inayosimamia haki za wanunuzi ilitoa ripoti kuhusu kampuni sita kubwa za intaneti. Iligundua kwamba baadhi zilikuwa zikiunganisha habari za mteja kutoka huduma mbalimbali, na hata kuwaweka watu katika makundi ya mambo nyeti kama vile rangi.

"LAKINI HAWAJUI JINA LANGU"

Hilo ndilo jibu ambalo kampuni hizi hulitoa: mteja ni namba tu, jina lake halimo. Phorm ilisema hivyo pia.

Nisemalo ni hili. Hospitalini kila mgonjwa ana namba ya faili. Je, tukiliacha faili wazi benchini kwa kuwa jina limezibwa, mgonjwa atakuwa salama? Anayemfahamu akilisoma, atamtambua kwa mtaa, kwa umri, kwa idadi ya watoto na kwa ugonjwa. Habari nyingi ndogo zikikusanywa mahali pamoja hufanya jina.

Tena, ndani ya nyumba jina halina haja ya kuandikwa. Katika familia nyingi kompyuta ni moja, au simu ya mama ndiyo simu ya watoto ya kuchezea. Mama amesoma juu ya dawa za kutuliza hofu. Kesho yake mtoto anafungua michezo, na pembeni linatokea tangazo la dawa hizo. Au binti amesoma juu ya mimba, na tangazo la nguo za wajawazito likamtokea baba yake. Siri iliyopaswa kusemwa kwa wakati wake, kwa maneno ya upole na mama akiwa karibu, imesemwa na tangazo.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko malipo ya bima. Mwanamke akihisi kwamba anatazamwa, ataacha kuuliza. Na nimeona mara nyingi mwisho wa ugonjwa uliofichwa: mama anakuja uvimbe ukiwa umeshapasuka.

KUNYAMAZA SI KUKUBALI

Wenye biashara watasema matangazo husaidia intaneti iwe rahisi. Ni kweli kwamba tovuti nyingi tunazosoma bure hulipiwa na matangazo, na kutangaza biashara si dhambi. Tatizo ni ruhusa.

Mwaka 2008 kampuni ya Embarq iliujaribu mtambo wa NebuAd kwa wateja takribani 26,000 katika mji wa Gardner, Kansas. Taarifa iliwekwa ndani ya maelezo marefu ya sera kwenye tovuti ya kampuni, pamoja na njia ya kukataa. Waliokataa walikuwa 15. Je, wengine wote walikubali? Mimi nasema hawakujua.

Katika uuguzi tunafundishwa tofauti hiyo mapema. Kabla ya upasuaji mgonjwa anaelezwa kwa lugha anayoielewa, anauliza, kisha anatia saini. Hatumpasui kwa sababu hakusema "sitaki". Na kumfanyia mtu majaribio bila yeye kujua ni kosa, hata kama hakuumia. Sioni kwa nini habari za ndani ya moyo wa mama zichukuliwe kwa utaratibu duni kuliko huo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Huhitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anza na haya:

1. Tazama anwani. Usiandike habari za afya, fedha au watoto kwenye ukurasa ambao anwani yake haianzi kwa https. Wala usiendelee simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama.

2. Usidanganywe na dirisha la faragha la kwenye simu. Linawaficha walio nyumbani wasione ulipopita. Kampuni ya intaneti bado inapitisha safari zako.

3. Zipo programu za VPN zinazoificha safari isionwe na kampuni ya intaneti. Lakini kumbuka, mwenye programu ndiye anayekuwa tarishi mpya. Inayotolewa bure na watu usiowajua ichunguze kwanza.

4. Ingia kwenye mipangilio ya simu na ya akaunti yako kwa kampuni ya intaneti, utafute sehemu ya matangazo. Panaposema matangazo yalingane na mambo unayopenda, ondoa ruhusa. Usipopaona, piga simu ya huduma kwa wateja uulize wazi: "Je, mnatumia habari za kurasa ninazofungua kwa ajili ya matangazo?"

5. Zijue haki zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zimeweka ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi.

6. Zungumza na binti zako, na wavulana pia. Usiwatishe. Waambie kwamba simu ina masikio, na kwamba mama pia ana masikio, tena ya kwake hayauzwi.

Na swali lile la uvimbe, au la hedhi, au la mtoto anayekojoa kitandani, usiliache kwa sababu umesoma makala hii. Soma ukitaka, kisha uje kliniki. Mlango tunaufunga, na faili lako hukaa kabatini kwa ufunguo.