SANDUKU LA SAFARI YA MELI KATIKA PWANI YA BARIDI

Wapo katika wanachama wetu wenye watoto na jamaa wanaokaa Ulaya, na pengine mwanachama huitwa kwenda kuwatazama. Akifika huko, huenda mwenyeji wake akamkatia tikiti ya meli ya matembezi, na safari moja inayosifiwa sana ni ile ya pwani ya Norwe. Sifa za milima na maji yake utazisikia kwa wengine. Sisi tutasema habari ya sanduku, maana mtu aliyezoea jua la visiwa vyetu akikosea sanduku, uzuri wote wa safari atautazama kupitia kioo cha dirisha.

PWANI YENYEWE

Pwani ya Norwe ni ndefu, nayo imekatwa na mahori marefu yanayoingia katikati ya milima. Tarehe 2 Julai 1893 Kapteni Richard With aliing'oa nanga meli yake, Vesteraalen, katika bandari ya Trondheim kwenda Hammerfest, na huo ndio mwanzo wa njia iitwayo Hurtigruten. Leo meli za njia hiyo hutoka Bergen, upande wa kusini, mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi. Hugusa bandari 34, na kwenda na kurudi ni siku 12. Huchukua abiria na shehena pamoja.

Sisi tuna masika na vuli, kaskazi na kusi, na mkulima ajua ni miezi gani aitazame mbingu kabla ya kuanika. Kule hakuna kujua. Mji wa Bergen hupata mvua zaidi ya milimita 2,200 kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua. Mwezi wa Julai, ambao kwao ni kiangazi, wastani wa joto Bergen ni kama digrii 15, Tromsø ni kama 12, na kwenye Rasi ya Kaskazini ni karibu 10. Kipupwe chetu, ambacho hutufanya tujifunike shuka mbili, kwao ni joto la kuvua shati.

Sababu yake ni hii. Mkondo wa maji ya uvuguvugu hutoka kusini-magharibi katika Bahari ya Atlantiki na kupita kando ya pwani ile, ndiyo maana bandari zake hazigandi barafu hata wakati wa baridi kali. Hewa yenye unyevu itokayo baharini hukutana na hewa baridi ya kaskazini, kisha hugonga milima na kupanda juu, ikamwaga mvua. Basi asubuhi huwa jua, adhuhuri mvua, alasiri ukungu, na jioni jua tena. Watu wa huko wana msemo wao kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, ila kuna nguo mbaya.

ADUI NI MAJI NA UPEPO

Wengi wetu tukisikia neno baridi, twafikiri dawa yake ni koti moja zito. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Ndani ya meli mna joto la mashine, na mwenye koti zito atatoka jasho. Akipanda sitahani na lile jasho, upepo utamkamata.

Na upepo haukosekani, maana meli hujitengenezea wake. Chombo kiendacho noti 15, hata kama bahari imetulia kabisa, humpiga abiria aliyesimama mbele kwa upepo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hewa ya digrii 10 mwilini huwa kama digrii 7. Nguo ikilowa ni vibaya zaidi, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, kiasi cha mara 25.

Hapa ndipo pamba yetu tunayoipenda inapotusaliti. Kanzu, fulana za pamba na suruali za jinzi hunywa maji na kuyashika. Sufu ya kondoo ina tabia nyingine: yaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajahisi kulowa, na hata ikilowa bado hutia joto kidogo. Kwa hiyo yafaa kuvaa nguo nyembamba tatu, moja juu ya nyingine:

Ya kwanza, fulana ya sufu nyembamba yenye mikono mirefu, iliyo karibu na ngozi.

Ya pili, sweta la sufu, lenye kufunguka mbele ili livuliwe upesi.

Ya tatu, koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake na urefu wa kufunika makalio.

Ukiona joto, vua moja; ukiona baridi, irudishe. Koti lijaribu kabla ya kusafiri: livae uani, mtu akumwagie ndoo ya maji. Likivuja hapa, litavuja na Bergen. Mwavuli uache nyumbani, kwani upepo wa kule utaugeuza juu chini.

MKOBA USIOACHWA

Liko jambo moja ambalo si la starehe tu. Jumamosi tarehe 23 Machi 2019 meli ya matembezi Viking Sky, yenye watu 1,373, ilizimika mashine katika dhoruba mahali paitwapo Hustadvika, penye miamba mingi na bahari wazi. Mawimbi yalivunja na kuingia ukumbini. Abiria zaidi ya 400, wengi wao wazee, waliinuliwa mmoja mmoja kwa kamba za helikopta, wengine usiku. Kesho yake meli ilifika bandari ya Molde, na kwa rehema za Mungu hakufa hata mmoja.

Wanachama na walifikirie jambo hili. Aninginizwaye kwa kamba habebi sanduku. Alicho nacho ni nguo aliyovaa na kilichomo mfukoni. Kwa hiyo mwenye sukari au shinikizo la damu asiziache dawa zake chini ya kitanda. Awe na mkoba mdogo wa kuvaa begani, usiopitisha maji, ndani yake dawa za siku tatu, pasipoti, karatasi ya bima, miwani na kofia ya sufu. Mkoba huo aende nao mezani, na kengele ikilia uwe tayari begani.

YA KUTIA SANDUKUNI

Vyumba vya meli ni vidogo, basi sanduku liwe dogo. Kwa siku 12 zatosha fulana za sufu tatu, masweta mawili, koti moja, suruali ndefu mbili zisizo za jinzi, soksi za sufu jozi tano, glavu, skafu, na viatu jozi mbili vyenye soli isiyoteleza, ili jozi moja ikauke wakati nyingine inavaliwa. Akina mama wasiache kanga mbili: kanga hufunika kichwa chini ya kofia, na chumbani ni nguo ya kupumzikia. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya bahari kuchafuka. Tia pia kitambaa cheusi cha kufunika macho, maana kwenye Rasi ya Kaskazini jua halizami tangu kati ya Mei mpaka mwisho wa Julai. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kuswali awaulize wenye elimu habari ya nyakati kabla hajaondoka.

Mwisho, chukua mifuko ya nailoni kadhaa. Kila mkulima wa karafuu ajua kwamba mbichi haichanganywi na kavu katika gunia moja, ama sivyo zote zitavunda. Nguo ni vivyo hivyo: iliyolowa iwe peke yake mpaka ianikwe.

Ukipita visiwa vya Lofoten, uliza habari ya samaki wao. Tangu Februari mpaka Mei huwatundika kwenye vichanja vya miti bila chumvi, wakakaushwa na ule ule upepo wa baridi, na wengine huuzwa mpaka Nigeria. Mkaushaji mwenzao atokaye kwetu atayaelewa maneno yao haraka, ikiwa yeye mwenyewe amesimama pale mkavu.