Mpira wa Mama na vyuma vyangu

Ndugu msikilizaji, miaka michache iliyopita nilinyanyua dumu la maji la lita 20 nilimimine kwenye pipa, na mkono ukagoma. Dumu lilifika kiunoni, likarudi chini. Mke wangu akaja, akalinyanyua, akamimina, wala hakusema neno. Kwa mtu ambaye kutwa nzima hukaa mbele ya kipaza sauti, ukimya ule ulitosha.

Nikafanya kama wafanyavyo vijana wa mtaani kwetu: makopo mawili, zege, na bomba la chuma la kuyaunganisha. Vilipokauka nikawa na vyuma vyangu. Siku ya tisa kiganja kilitoka jasho, kimoja kikachomoka na kutua shubiri moja tu kutoka mguu wa mwanangu aliyekuwa akinitazama. Tangu siku hiyo kazi ya vyuma vile ni kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Wakati huohuo mama yangu mzazi, mwenye miaka 70 na ushei, alikuwa ameumia bega. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa utepe mwembamba wa mpira, rangi ya njano, auvute kila siku. Nilicheka. Mama akanitupia: “Haya mwanangu, vuta wewe.” Nilivuta mara 12, mkono ukatetemeka kama jani.

Nikaanza kuuliza. Chuma cha kilo 5 ni kilo 5 tangu mwanzo hadi mwisho, nacho kinajua njia moja tu, ya kwenda chini. Mpira hauna uzito wa kutajika, bali kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kukaza, tena hukuvuta kuelekea pale ulipofungwa, iwe chini, mbele au pembeni. Msuli haujali kama kinachoupinga ni chuma au mpira. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha matokeo ya tafiti 8, haukuona tofauti ya maana ya nguvu baina ya waliotumia mipira na waliotumia vyuma na mashine.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea. Kwa kuwa mwanzoni mpira ni laini, mtu huuvuta nusu, akasema hauna kazi. Ushike ukiwa tayari umekaza kidogo, uvute hadi mwisho, kisha urudishe taratibu kwa kuhesabu hadi tatu. Ukiuachia urudi wenyewe, umeitupa nusu ya zoezi. Ukifika mara 15 bila jasho, shika karibu zaidi na katikati, au tafuta mpira mnene zaidi. Rangi huonyesha ukazo, lakini kila kiwanda kina mpangilio wake.

Kwa mikono, kanyaga katikati ya mpira na uvute ncha zake juu. Kwa kifua, upitishe mgongoni chini ya makwapa, usukume mbele. Kwa mgongo, kaa chini na kunyoosha miguu, uzungushe kwenye nyayo, uvute kama mpiga makasia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima aitie nguvu misuli yake mikubwa angalau siku 2 kwa juma.

Asiye na fedha ya dukani aende kwa fundi baiskeli, aombe tyubu kuukuu, akate na kutupa kipande chenye valvu, aioshe kwa sabuni. Haivutiki sana kama mpira wa dukani, lakini kazi inafanya. Ila, ndugu msikilizaji, mliocheza manati utotoni mnajua mpira ukikatika unakwenda wapi. Kagua nyufa kila mara, usiuvute kuelekea usoni, usiuanike juani wala kuuacha karibu na mafuta. Ukiufunga mlangoni, uwe ule mlango ambao ukivuta unazidi kujifunga. Na ambaye ngozi yake huwashwa na glavu za mpira asitumie mipira ya dukani kabla hajauliza imetengenezwa kwa nini.

Sisemi chuma hakina maana. Kijana mwenye mapaja ya mchukuzi atauona mpira mwepesi mapema, na chuma humwambia mtu wazi kuwa juzi alinyanyua kilo 10 na leo 12. Mpira hausemi hivyo, kwa hiyo mimi huandika kwenye daftari nimeshika wapi na nimevuta mara ngapi.

Mama alishahamia mpira wa kijani, na kanga zake anaanika mwenyewe kwenye kamba ya juu. Mimi dumu langu namimina, ingawa mke wangu bado husimama karibu.