Tumwulize Kwanza Mfanyakazi

Ndugu zetu, biashara inapodorora, wenye mali wengi hukimbilia kupunguza watu. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ya Japani ilikaribia kufilisika. Ikaamua kupunguza wafanyakazi, nao wakagoma. Mkuu wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka uliofuata, 1951, kampuni hiyo ilianzisha utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi wake na kuwatuza waliotoa yenye manufaa. Kwani anayeshika mashine kila siku ndiye huona kwanza pale mali inapopotea bure. Sisi tulioamrishwa kushauriana tulistahiki kutangulia katika jambo hili. Basi kabla ya kumwachisha kazi kijana wa dukani, mwenye wazazi wanaomtegemea, tumwulize kwanza: mwenzetu, wewe waonaje?