Kariakoo ya Mchana, Kariakoo ya Usiku

Weka matokeo ya sensa mbili mezani, utashtuka. Mwaka 2012 Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 wakahesabiwa 982,328. Watu zaidi ya laki saba wamekwenda wapi? Hawakwenda popote. Kati ya sensa hizo mbili Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, kama Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke, na watu wakahamishwa na mstari wa mpaka bila kufunga hata godoro. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022 upate 2,069,240, ndipo utaona kwamba eneo lile lile la zamani limekua.

Idadi ya watu angalau ina dawa rahisi ya kujumlisha. Ustawi ni mgumu zaidi, kwa sababu tunautangaza kwa wastani. Tangu Februari 2021 hadhi ya Jiji la Dar es Salaam ni ya iliyokuwa Manispaa ya Ilala, yenye watu 1,649,912 katika sensa ya 2022. Humo mna Upanga, mna Jangwani ambako Mto Msimbazi ukifurika huingia hadi vyumbani, mna Chanika huko pembezoni. Ukisema asilimia fulani ya kaya za jiji zina choo bora, umewachanganya wote hao katika sufuria moja. Mwenye nyumba bondeni akiisoma takwimu hiyo hajioni.

Basi tushuke hadi kwenye kata, na ikibidi hadi kwenye mtaa? Kwa sensa, iliyofika kila kaya, naunga mkono kabisa. Kwa tafiti za sampuli kuna kikomo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliandaliwa utoe picha ya mkoa. Ukiukatakata hadi mtaa unabaki na kaya chache mno, na jirani anaweza kutambua ni nani aliyesema hana chakula. Siri ya mhojiwa ina uzito kuliko ramani nzuri.

Lakini hata mtaa hautoshi ukifika sokoni Kariakoo, humo humo jijini. Sensa ya 23 Agosti 2022 iliwahesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Hiyo ni kanuni sahihi kwa kuhesabu taifa. Kwa soko, inatuonyesha nusu ya maisha. Mama lishe anayelala Mbagala anahesabiwa Temeke: maji yake, choo chake, umeme wake. Toka alfajiri hadi magharibi yuko Kariakoo, anavuta moshi wa jiko lake, anatafuta choo cha kulipia, anahofia moto kama ule ulioteketeza soko kuu Julai 2021. Saa hizo zote za maisha yake haziingii katika takwimu ya kata yoyote. Mpangaji anayegawa vyoo kwa idadi ya wakazi wa Kata ya Kariakoo atakuwa amepiga hesabu sawasawa, na foleni itabaki pale pale.

Tena Kariakoo ya watu si Kariakoo ya diwani. Mteja aliyetoka Songea kufuata mzigo hajui kata inaishia wapi. Kwake Kariakoo ni maduka, na maduka yamemwagikia Kata ya Gerezani na kwingineko.

Kwa hiyo ningechora mipaka miwili. Ustawi wa nyumbani uripotiwe kwa mitaa iliyounganishwa kwa kufanana, bondeni na bondeni, na takwimu za kila mtaa zihifadhiwe ili kesho wilaya ikimegwa tena hesabu ziweze kujengwa upya. Ustawi wa kazini upimwe sokoni kwenyewe, saa sita mchana, kwa kuzunguka na viongozi wa wafanyabiashara, machinga na wasukuma mikokoteni hadi pale meza ya mwisho inapoishia. Mpaka huo wa soko utakatiza kata zaidi ya moja. Kila diwani apewe kipande chake, na wote wapewe ramani nzima.