Kisukari, Sikukuu na Mbio Ndefu: Kupima Kwanza

Kila Desemba, miteremko ya Mlima Kilimanjaro huwapokea wana wake. Mabasi yatokayo Dar es Salaam na miji mingine hufika Moshi yakiwa yamejaa, mbuzi huchinjwa, na mbege huzunguka vihambani tangu mkesha wa Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Takriban miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, wa kilomita 42.2, 21.1 na 5.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kisukari hana budi kujitenga na yote mawili: karamu kwa sababu ya chakula, na mbio kwa sababu ya hofu. Sivyo. Linalotakiwa ni kuelewa namna sukari inavyopanda na kushuka mwilini, kisha kujipanga mapema.

Mambo matatu yanayotegemeana

Sukari ya damu huongozwa na chakula, kazi ya mwili na dawa. Chakula huipandisha, dawa na mazoezi kwa kawaida huishusha. Katika siku za kawaida mambo hayo huzoeana. Sikukuu hubadilisha chakula na saa za kula. Mbio hubadilisha kazi ya mwili. Jambo moja likibadilika na mengine yakabaki kama yalivyokuwa, mgonjwa huingia hatarini.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, nayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho hutengeneza insulini kidogo mno au haitengenezi kabisa, hivyo sindano ni za lazima kila siku. Katika aina ya pili, insulini haitoshi au mwili hauitumii ipasavyo. Msuli unaofanya kazi huweza kuchukua sukari hata insulini ikiwa kidogo. Kwa sababu hiyo mazoezi ni sehemu ya tiba, na kwa sababu hiyo hiyo huhitaji mpango.

Safarini na mezani

Msafiri anayetumia insulini aiweke katika mkoba wake wa mkononi, si kwenye buti la basi wala dirishani penye jua. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, na haipaswi kuganda. Iliyokwisha kuanza kutumika hudumu takriban wiki nne mahali penye ubaridi wa kawaida. Pasipo na jokofu, chungu chenye maji kilichowekwa kivulini husaidia kupunguza joto, mradi chupa ya dawa ifungwe vizuri isilowe. Kwa kuwa chakula huweza kuchelewa njiani, biskuti na sukari zisikosekane mkobani.

Nyumbani, mtori na machalari havikatazwi. Ikumbukwe tu kwamba ndizi ni wanga, kama ulivyo ugali au wali, hivyo anayekula ndizi asiongeze wali na chapati juu yake. Kipimo chepesi ni kuigawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe wanga, robo iwe nyama, samaki au maharage.

Mbege huhitaji uangalifu wa pekee, kwani ina wanga na kilevi kwa pamoja. Kilevi hulizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Sukari huweza kupanda mnywaji akiwa bado anazungumza na ndugu, kisha ikashuka usiku akiwa amelala. Asiyekunywa asianze. Anayekunywa ale kwanza, anywe kidogo, na apime sukari kabla ya kulala.

Amelewa, au sukari imeshuka?

Hapa ndipo maisha huweza kupotea. Mtu ambaye sukari yake imeshuka hutetemeka, hutoka jasho jembamba, husema maneno yasiyoeleweka, huwa mkali bila sababu na huyumba. Katika nyumba yenye sherehe, watu husema, “Mwacheni alale, amelewa.” Akiachwa hivyo, huweza kupoteza fahamu na hata kufariki. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi.

Sukari iliyo chini ya milimoli 4 kwa lita huhitaji hatua mara moja. Mgonjwa anayeweza kumeza apewe nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Ikishapanda, ale chakula. Pasipo na kipimo, apewe sukari vivyo hivyo, kwani kungoja ndiko kwenye hatari zaidi. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Kwa hiyo, mwenye kisukari awaambie angalau ndugu wawili hali yake kabla karamu haijaanza.

Kujiandaa kwa mbio

Kisukari hakimzuii mtu kufikia kilele cha michezo. Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligundulika kuwa na kisukari mwaka 1997 akiwa na medali nne za dhahabu za Olimpiki. Mwaka 2000 huko Sydney, akiwa anatumia insulini, alitwaa ya tano.

Anayeanza asikimbilie kilomita 42. Aanze kwa kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kisha aongeze kidogo kidogo. Kilomita 5 ni lengo la heshima. Kabla ya kuanza, moyo, macho na miguu vichunguzwe kituoni. Viatu viwe vimezoeleka, na nyayo zikaguliwe kila jioni, kwa kuwa kisukari huweza kuondoa hisia hata lengelenge lisiumize.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla ya kukimbia. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Ikiwa juu ya 14 na anajisikia vibaya, au ketoni zimeonekana, asikimbie. Mbio zikizidi saa moja, abebe ndizi mbivu au kinywaji chenye sukari na akitumie kwa kiasi alichopangiwa. Akimaliza, akumbuke kwamba sukari huweza kuendelea kushuka kwa muda wa saa 24. Usiku wa siku ya mbio apime kabla ya kulala.

Dozi ya dawa isibadilishwe kwa kubahatisha wala kwa ushauri wa jirani. Wananchi wenye kisukari wanahimizwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu mapema, kabla ya safari ya Desemba au mazoezi ya mbio, ili dawa, chakula na mazoezi vipangwe kwa pamoja. Ndugu aandamane na mgonjwa, kwani ndiye atakayekuwa karibu siku sukari itakaposhuka.