Miwani Ikae Wapi Usipoivaa?

Katika kurasa hizi mara nyingi twasoma habari za mpira, za safari na za mitihani. Leo naomba nafasi nieleze habari za kitu kidogo mno, ambacho huenda wasomaji wengi hawajapata kukiona: pini ya kutundikia miwani kifuani. Kitu chenyewe hakina makuu. Ni pini au bizimu inayofungwa katika shati, na mbele yake pana pete au kitanzi kinachoning'inia. Mwenye miwani akitaka kuivua, hupitisha mkono mmoja wa miwani katika pete ile, nayo hukaa kifuani ikimngoja mpaka atakapoihitaji tena.

Mtu atauliza, kuna haja gani? Kwani shati halina mfuko? Hata mimi nalifikiri hivyo mpaka muhula wa pili wa mwaka jana. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuchota maji. Jasho lilinitiririka hata vioo vikafanya ukungu, basi nikaivua miwani, nikaitia katika mfuko wa shati, nikainama kuvuta ndoo. Nalisikia chubwi! tu. Wenzangu walicheka, nami pia nalicheka, kwa kuwa nalidhani tutaiopoa. Lakini kisima kile ni kirefu na tope lake ni zito, na mpaka leo miwani yangu imo humo. Kwa muda wa wiki saba nalikaa darasani nikiutazama ubao kama mtu atazamaye mlima wakati wa mvua. Mwenzangu wa dawati moja alikuwa akinisomea polepole yaliyoandikwa, na mara mbili tuliadhibiwa sote wawili kwa kosa la kuzungumza. Miwani mpya ilipatikana baada ya mama kuuza mbuzi wawili, na mmoja wao alikuwa na mimba.

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza jambo hili, na kwanza nalitaka kujua kwa nini mfuko haukuishika. Sababu yake ni nyepesi. Mfuko umeshonwa katika shati, na shati limeshikana na kifua. Kwa hiyo ukiinama, mfuko nao huinama pamoja nawe. Kifua kikishalala sawa na ardhi, mdomo wa mfuko hautazami juu tena bali mbele, na ukizidi kidogo hutazama chini, ndipo vyote vilivyomo huteleza. Kuitundika miwani penye ukosi, kama wafanyavyo vijana wengi, ni vibaya zaidi, maana hapo hapana hata mfuko, ni ncha ya nguo tu, na ukosi wenyewe hulegea kwa uzito.

Lakini pete ya pini haikushonwa. Yaning'inia huru, na kitu kinachoning'inia huru hufuata ardhi, hakifuati kifua. Miwani hukaa juu ya pete kama matandiko juu ya mgongo wa punda: mkono mmoja upande huu, vioo upande huu, na bawaba ndiyo iliyokalia pete. Uzito wote uko chini ya pete. Ukiinama, pini yageuka pamoja na shati, ila pete na miwani vyaendelea kuelekea chini vilevile. Nimejaribu mwenyewe kisimani, safari hii nikiwa nimetandaza gunia juu ya ndoo, isije ikawa mama auze na ng'ombe. Haikuanguka. Hata hivyo nawaambia kweli, kuinama si kukimbia. Nalipojaribu kuruka nayo, miwani ilirukaruka katika pete, na mara ya nne ikatoka. Kwa mpira, basi, iache bwenini ndani ya kibweta chake.

Taabu hii ya mahali pa kuiweka miwani ni ya zamani sana, ya zamani kuliko mikono ya miwani yenyewe. Miwani ilianza kutengenezwa huko Italia mwishoni mwa karne ya 13. Twajua hivyo kwa sababu mtawa mmoja Mdominiko, Giordano da Pisa, alihubiri katika mji wa Florence mwaka 1306 akasema kwamba sanaa hiyo haijatimiza hata miaka 20 tangu ilipopatikana. Miwani ile ya kwanza haikuwa na kitu cha kushika masikioni. Ilikuwa vioo viwili, kila kimoja na mpini wake, na mipini hiyo imeunganishwa kwa msumari. Mtu huibana puani au huishika kwa mkono. Picha ya kwanza ya mtu aliyevaa miwani inayojulikana leo ilichorwa na Tommaso da Modena mwaka 1352, katika nyumba ya Wadominiko mjini Treviso. Aliyechorwa ni Kardinali Hugh wa Saint-Cher, naye yuko mezani akiandika. Jambo la kuchekesha ni kwamba Kardinali huyo alifariki mwaka 1263, kabla miwani haijajulikana; mchoraji alimpa zawadi ambayo yeye mwenyewe hakuiona maishani.

Mikono ya kukaa masikioni haikuanza mpaka miaka ya 1720 hivi, huko London. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 400 ambayo watu walivaa miwani isiyo na mahali pa kushika. Katika picha ya Mtakatifu Jeromu aliyoichora Ghirlandaio mwaka 1480, miwani imetundikwa ukingoni mwa meza ya kuandikia. Nalipoiona picha hiyo katika kitabu cha maktaba yetu nalifurahi, kwa kuwa ni shauri lile lile la pini, isipokuwa meza haitembei.

Hata baada ya mikono kupatikana, watu wa karne ya 19 walipenda sana miwani ya kubana puani. Ilikuwa fahari ya mabwana na mabibi. Fahari hiyo ilikuwa na adhabu yake, maana ukipiga chafya tu, miwani iko chini. Kwa hiyo waliifunga utepe au mkufu mwembamba, na mwisho wa utepe ulishikizwa kwa pini katika nguo. Hapo ndipo pini ya miwani ilipopata kazi ya kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya New York, Ketcham & McDougall, ambayo ilijulikana kwa kutengeneza kastabini za washonaji, ilikuwa ikiuza pini ya ajabu kidogo. Kwa nje ilifanana na kifungo kikubwa cha koti. Ndani yake mlikuwa na kigurudumu kilichozungushiwa mkufu, na kamani kama ile ya saa. Ukiivuta miwani kuipeleka puani, mkufu hukunjuka na kamani hukazika. Ukiiachilia, kamani hurudi katika hali yake, ikazungusha kigurudumu na kuuvuta mkufu ndani, miwani ikapanda mpaka kifuani. Leo twaona kazi hiyo hiyo katika vile vibeti vya plastiki ambavyo makarani na wauguzi hutundikia vitambulisho vyao, wakavivuta penye mlango na kuviachia virudi.

Wakati huo wengine waliamini kibweta na mfuko wa koti. Mmoja wao ni Theodore Roosevelt, rais wa Marekani wa zamani, ambaye alipita katika nchi zetu hizi za Kenya na Uganda mwaka 1909 na 1910 akiwinda. Yeye hakuona mbali bila miwani. Tarehe 14 Oktoba 1912, katika mji wa Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi ya kifua. Risasi ilipita kwanza katika kibweta cha chuma cha miwani yake na katika karatasi 50 za hotuba zilizokunjwa, vyote vikiwa katika mfuko wa kifuani, ikapungua nguvu. Hakufa, aliisoma hotuba kwanza, hospitali baadaye. Nimeitaja habari hii ili watu wa mfuko wasione kwamba nimewanyima haki yao.

Siku hizi pini nyingi hazina sindano hata kidogo, zina sumaku. Kipande kimoja huwekwa ndani ya shati, na kingine chenye kitanzi huwekwa nje, navyo hushikana nguo ikiwa katikati. Zamani jambo hili lilikuwa gumu, kwa sababu sumaku ya kutosha ingekuwa nzito mno kifuani. Lilikuwa jepesi tangu miaka ya 1980, zilipopatikana sumaku za neodimi, chuma na boroni, ambazo kipande cha ukubwa wa ukucha chaweza kushika miwani bila shida. Uzuri wake ni kwamba hazitoboi nguo. Ubaya wake ni huu: nguvu ya sumaku hupungua upesi vipande vikitengana, kwa hiyo juu ya sweta nzito hazishiki vema. Tena mtu aliyetiwa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asivae kabisa. Na zisiachwe penye watoto wadogo. Mtoto akimeza mbili, zaweza kutafutana ndani ya tumbo na kubana utumbo katikati hata ukatoboka.

Mimi natumia pini niliyoitengeneza, nayo haikunigharimu ila pete moja ya funguo. Chukua pini kubwa ya kufungia nguo, ile inayofunika ncha yake. Ivike pete ya funguo, uisukume mpaka ikae katika upande usio na ncha. Kisha toboa shati mahali nguo ilipo mbili, yaani penye mstari wa vifungo, kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Ingiza ncha, itoe nje tena, ufunge. Usitoboe mfukoni, maana hapo nguo ni moja, itachanika kabla ya muhula kwisha. Pete iwe na nafasi ya kupita mkono wa miwani, lakini isiwe pana hata bawaba ikapita. Vioo vielekee nje, visisuguane na vifungo. Na kabla ya kuvifuta, vipulizie au uvioshe kwa maji. Vumbi hili letu jekundu ni kama msasa juu ya kioo cha plastiki.

Wengine watasema kamba ya shingoni yatosha. Kwa mzee aketiye, naam. Lakini katika chumba cha sayansi, mtu anapoinama juu ya moto, sipendi kuona kitu kinachobembea shingoni mwake. Na nimeona kamba ikinaswa katika usukani wa baiskeli.

Neno la mwisho ni kwenu, kaka zetu mliosoma hapa zamani. Sisi tusioona mbali twavaa miwani mchana kutwa na kuivua mara chache. Ninyi mliopita miaka 40 mna kazi zaidi, kwa sababu kioo kilicho ndani ya jicho kimekwisha kuwa kigumu, hakibadiliki umbo ili kusoma karibu. Kwa hiyo mwavaa kusoma barua, mwavua kumtazama aliyeileta. Katika sikukuu ya shule mwaka huu nalihesabu wageni watano wakitafuta miwani iliyokuwa vipajini mwao. Nalikuwa na pini tatu za akiba. Zote zilichukuliwa, na mzee mmoja aliomba mbili, ya pili ikiwa ya mkewe.